Mvivu wa ulingoni: kisa cha bondia aliyeanza kuchelewa

Afande, kocha wa ndondi wa kambi yetu ya polisi, aliniita nimwandikie barua ya kuomba glovu mpya. Mimi nafundisha fiziolojia, yaani namna mwili unavyofanya kazi, katika chuo cha matabibu. Lakini nimezaliwa na kukulia kambini, na kwa wazee wa kambi bado mimi ni binti wa fulani, yule anayejua kuandika barua. Basi Jumamosi moja asubuhi nikakaa kwenye benchi kando ya ulingo, karatasi mapajani, nikingoja amalize na vijana wake.

Kambi za polisi hapa Kampala ni visiwa vya Kiswahili katikati ya Kiganda. Askari waliletwa kutoka kila pembe ya nchi tangu enzi za mkoloni, na lugha waliyokutania ni hii. Sisi watoto wao tuliikuta nyumbani pamoja na posho, yaani ugali, na maharage. Ndondi nazo tulizikuta hapo hapo. Jina la Leo Rwabwogo, aliyeleta shaba kutoka Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 na fedha kutoka Munich mwaka 1972, tulilijua kabla ya kujua kuzidisha. Kwa hiyo kelele za Afande hazikunishtua. Kambini kufokewa ni sehemu ya mafunzo.

"Unalala! Mkono uko wapi? Mvivu wewe!"

Aliyefokewa ni kijana wa miaka 19. Miezi miwili nyuma nilikuwa nimemtazama akipigana, na sifa yake ilikuwa kukwepa: kichwa chake hakikukaa mahali pamoja kwa muda wa kutosha mtu kukipiga. Asubuhi hiyo kila ngumi ya kushoto iliyonyooka ilimfikia usoni. Nikaiacha barua nikaanza kumtazama vizuri. Mkono wake wa kinga ulikuwa unainuka, tena kwa nguvu, ila unainuka wakati glovu ya mwenzake imeshagusa pua na inarudi. Na kila mwenzake alipoghushi, yaani alipotikisa bega kama anayetaka kupiga kisha asipige, kijana aliitikia kwa mwili mzima. Alikuwa anachelewa kwenye ngumi za kweli na kuwahi kwenye za uongo.

Nikamwambia Afande kwamba yule hafanani na mvivu. Mvivu huchelewa kote. Afande akacheka, akaniita "binti yangu" kwa ile sauti wanayoitumia wazee wakiwa hawajakubali, kisha akanipa ushahidi wake. Wa kwanza: kamba. Kijana aliruka kamba kuliko wote, miguu haionekani. Wa pili: mfuko wa mchanga. Aliupiga mfululizo wa ngumi nne, kushoto, kulia, kushoto, kulia, safi kabisa. Wa tatu Afande aliufanya mbele yangu. Alimnyemelea kijana kwa nyuma akapiga makofi mara moja karibu na sikio. Kijana akaruka, mabega juu, macho yamefumba na kufumbuka.

"Umeona? Yuko macho. Mwili unataka, moyo hautaki."

Huo ushahidi ulikuwa mzuri, na ndio ulionifanya nirudi Jumapili na mipini miwili ya fagio. Kila kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa cha kweli. Tatizo ni kwamba hakuna hata kimoja kilichopita njia inayopitwa na ngumi ya mpinzani.

Ngumi inapita wapi

Tuifuate. Mpinzani ananyoosha mkono wa kushoto. Mwanga unaotoka kwenye glovu unaingia jichoni na kuangukia retina, utando ulio nyuma ya jicho, na hapo kuna uchelewaji wa kwanza ambao watu wengi hawautarajii: kugeuza mwanga kuwa ishara ya umeme ni kazi ya kemia, na kemia ina mwendo wake. Ndiyo maana mtu huitikia sauti mapema kuliko mwanga, ingawa mwanga wenyewe husafiri kwa kasi isiyo na kifani. Sikio hutumia mitambo, vinywele vidogo vinavyopindwa na mtikisiko, kwa hiyo mlio hufika ubongoni ukiwa umetangulia kwa makumi ya milisekunde. (Milisekunde ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, sina kipimo kingine cha kutumia hapa, mnivumilie.)

Kutoka retina ishara hupita kwenye neva ya jicho, yenye nyuzi zipatazo milioni moja, hadi talamasi katikati ya ubongo, kisha kisogoni, kwenye sehemu ya gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, inayoshughulikia kuona. Safari hiyo yote huchukua milisekunde 50 hivi. Sasa turuke hadi upande wa pili. Amri ikishatoka kwenye gamba la mwendo, sehemu inayoamuru misuli, lililo kama utepe juu ya kichwa kutoka karibu na sikio hadi utosini, huteremka, huvuka upande chini ya shina la ubongo, hupita uti wa mgongo na kufika kwenye misuli ya kiganja. Muda: milisekunde 20 tu, pengine kidogo zaidi kwa mtu mrefu. Misuli yenyewe hutaka makumi machache mengine ili kukaza.

Hesabu hiyo haihitaji kuwa kamili ili kutuonyesha jambo. Mtu mzima mwenye afya akiambiwa abonyeze kitu mara aonapo taa, huchukua milisekunde 200 hadi 250. Toa za kuingia, toa za kutoka, bado kuna zaidi ya 100 zisizo na safari yoyote ndefu ndani yake. Hizo ni za ubongo kuzungumza na nafsi yake: hiki ni nini, kiko upande gani, nifanye nini, nisifanye nini. Hapo ndipo penye nafasi ya kuharibika. Mwanasayansi Mjerumani Hermann von Helmholtz alipopima kasi ya neva za chura kuelekea mwaka 1850 akapata karibu mita 27 kwa sekunde, watu walishangaa kwamba wazo na tendo vina umbali wa kupimika kati yao. Mpaka wakati huo wengi waliamini kwamba kutaka na kutenda ni papo kwa hapo. Afande, kwa heshima zote, bado aliamini hivyo.

Turudi kwenye ushahidi wake. Kofi la nyuma ya sikio huitikiwa na shina la ubongo, lile lililo kati ya ubongo na uti wa mgongo. Mlio mkali wa ghafla hupita njia fupi mno: sikio, shina, misuli ya shingo na macho. Mwili hushtuka kabla gamba la ubongo halijapata nafasi ya kuamua lolote. Hakuna swali linaloulizwa, hakuna chaguo. Mwitikio huo huanza kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijaisha, na mtu aliyechoka, aliyelewa kidogo au aliyekosa usingizi bado atashtuka.

Kamba na mfuko ni habari nyingine. Kamba huzunguka kwa mdundo, na mdundo hukuambia mapema wakati wa kuruka. Mfuko haufanyi lolote. Bondia ndiye anayeamua lini. Mwaka 1965 Wajerumani wawili, Hans Kornhuber na Lüder Deecke, walionyesha kwamba mtu anapotaka kusogeza kidole kwa hiari yake, umeme wa ubongo juu ya utosi huanza kupanda polepole sekunde moja au zaidi kabla ya kidole kusogea. Maana yake ni kwamba tendo la kujianzishia lina muda mrefu wa kuandaliwa ambao mtazamaji hauoni. Unaona ngumi nne safi kwenye mfuko, huoni maandalizi yaliyotangulia. Ubongo ulioumia kidogo unaweza kujipa muda zaidi na hakuna atakayejua, kwa kuwa hakuna aliyeshika saa upande wa kuanzia. Mpinzani ndiye mwenye saa.

Mipini ya fagio

Nilikwenda na rula ya shule kwanza. Jaribio hili kila mwalimu wa sayansi analijua: unashika rula juu, mwenzako anaweka kidole gumba na cha shahada wazi kwenye sifuri, unaiachia bila kumwambia, anaidaka. Kitu kinachoanguka hakina upendeleo. Kikianguka sentimita 5 zimepita milisekunde 101. Sentimita 20 ni 202. Sentimita 30 ni 247. Ni njia ya bei ya karatasi ya kupima kitu ambacho hospitali kubwa hupima kwa kompyuta, na watafiti wa majeraha ya kichwa kwa wanamichezo wameitumia njia ya namna hii hii kwa kijiti chenye uzito.

Ila rula ya sentimita 30 ilikuwa fupi kwa nililotaka. Mwaka 1868 daktari Mholanzi, Franciscus Donders, alikuja na wazo ambalo mpaka leo naliona la kijanja kuliko vifaa vingi vya gharama. Pima mtu akiitikia ishara moja kwa jibu moja. Kisha mpime kwa ishara mbili na majibu mawili. Kisha kwa ishara mbili, lakini ajibu moja na kuiacha nyingine. Mwili ni ule ule, jicho lile lile, mkono ule ule. Muda unaoongezeka ni wa akili kutofautisha na kuchagua. Ukitoa, unabaki na bei ya uamuzi.

Kwa hiyo mipini miwili, iliyochorwa alama za sentimita kwa kalamu kutoka chini kwenda juu. Jaribio la kwanza, mpini mmoja, kiganja cha kulia. La pili, mipini miwili, viganja viwili wazi, nami naachia mmoja bila kusema upi. La tatu, mipini miwili, lakini udake wa kulia tu. Wa kushoto uuache uanguke. Nilimpima kijana pamoja na wenzake wanne wa umri wake, kila mtu mara 20 kwa kila jaribio, nikichukua namba ya katikati, maana wastani hupotoshwa na mtu aliyepiga chafya.

Jaribio la kwanza, wenzake walikuwa kati ya sentimita 17 na 20, yaani milisekunde 186 hadi 202. Kijana alipata 19. Afande, aliyesimama nyuma yangu na mikono mgongoni, akatoa sauti ya koo isiyohitaji tafsiri.

Lakini namba ya katikati ilificha kitu. Wenzake walirudia karibu pale pale kila mara. Yeye aliruka kutoka 15 hadi 29, kisha 16, kisha 27. Kasi aliyo nayo mtu siku yake nzuri haisemi sana. Kinachosema ni kama anaweza kuirudia.

Jaribio la pili liliwafikisha wenzake kwenye sentimita 35 hadi 42. Hiyo ni takriban milisekunde 267 hadi 293, na ndivyo inavyotakiwa: chaguo likiongezeka muda huongezeka, jambo ambalo William Hick wa Uingereza alilipa hesabu yake mwaka 1952. Kijana alidaka kwenye sentimita 60. Milisekunde 350. Na mara nne kati ya 20 mpini ulimponyoka kabisa ukalia sakafuni, na kila ulipolia alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka wengine wacheke naye ili wasimtazame.

La tatu ndilo lililonitia wasiwasi. Mara 10 niliachia mpini wa kushoto, ule usiotakiwa kudakwa. Wenzake walikosea mara moja au mbili. Yeye alifunga kiganja cha kushoto mara sita. Kuzuia tendo ni kazi kamili ya ubongo, yenye njia zake kutoka sehemu ya mbele ya gamba hadi kwenye vifundo vya seli vilivyo chini kabisa, na ina muda wake pia, karibu sehemu ya tano ya sekunde kwa kijana mwenye afya. Breki zikichelewa, kila chambo kitamezwa. Hapo nilielewa kwa nini alikuwa anaitikia ngumi za uongo kwa mwili mzima.

"Binti yangu," Afande akasema, "unataka kuniambia ufagio unamjua bondia wangu kuliko mimi?"

Nikamwambia, hapana, Afande, ufagio haumjui. Umeuliza tu swali ambalo kamba na mfuko havikuuliza.

Niongeze jambo moja hapa, ingawa linanitoa pembeni. Hata bondia mzima haoni ngumi akaikwepa. Hesabu haikubali: ngumi ya kushoto iliyonyooka ya mtu mwenye mkono mzuri inaweza kufika ndani ya muda ule ule ambao ubongo unahitaji ili tu kuanza kujibu. Anachofanya bondia ni kusoma bega, kiuno, na wayo wa mbele unaobana sakafu, na kuandaa jibu kabla glovu haijatoka. Riadha inajua habari hii. Mkimbiaji anayeondoka kwenye vyuma kabla ya milisekunde 100 baada ya bunduki huhesabiwa amekosea, kwa sababu hiyo si kuitikia, ni kubahatisha. Ndondi huishi kwa kubahatisha kwenye elimu. Ndiyo sababu bondia wa mkono wa kushoto kama Ayub Kalule wetu, bingwa wa dunia mwaka 1979, huwapa taabu wapinzani: mabega yake yanasema lugha waliyoisikia mara chache, na ule utabiri wa miaka kumi unakuwa hauna kazi. Kijana wetu hakuwa amekutana na mtu wa mkono wa kushoto. Alikuwa amepoteza utabiri dhidi ya watu anaokula nao.

Mama wa chapati

Nilimuuliza kijana faraghani, tukitembea kuelekea bombani. Alikana mara mbili. Mara ya tatu akasema kwamba wiki tatu nyuma, katika pambano la mazoezi, alipigwa ngumi ya kulia ya kuzungusha upande wa taya. Hakuanguka. Taa ziliyumba, akasikia mlio masikioni, akaendelea raundi mbili. Afande alimuuliza kama yuko sawa, akajibu "Niko sawa, Afande," kwa kuwa hakuna jibu lingine ambalo kijana wa kambi amefundishwa.

"Dada, usimwambie. Pambano liko karibu."

Nilimpa mpaka jioni amwambie mwenyewe. Ni mtu mzima, kichwa ni chake, lakini sikuwa tayari kunyamaza huku Afande akimpandisha ulingoni Jumatatu.

Mama yake anauza rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai, langoni, nami nilipita kununua moja nikiwa na njaa ya kweli. Aliyonieleza mama yule yaliandika kisa kuliko mipini yangu. Kijana siku hizi anakaa gizani na simu ameilaza kifudifudi. Kichwa kinamuuma jioni. Analala mchana, jambo ambalo hakulifanya hata akiwa mtoto. Halafu akasema hili, akigeuza chapati: "Huyu alikuwa anapokea oda za watu watano kichwani. Sasa mteja akisema mbili za mayai mawili, moja bila nyanya, anachanganya. Na chenji anakosea. Nikadhani ni msichana."

Oda tatu kwa mpigo, moja isiwe na kitu fulani. Lile lilikuwa jaribio langu la pili na la tatu, limefanywa kwa wiki tatu kwenye kikaango.

Mtikisiko wa ubongo, hicho ndicho nilichokishuku, huja pale kichwa kinapozungushwa ghafla. Ngumi ya taya hufanya hivyo barabara. Taya ni kama mpini mrefu wa kuzungushia fuvu. Ubongo ni laini, unabaki nyuma kidogo ya fuvu kisha unafuata, na nyuzi ndefu za seli zinazounganisha sehemu moja na nyingine hunyooshwa. Kwa kawaida hazikatiki. Milango ya ukuta wa seli hufunguka ovyo, potasiamu inamwagika nje, kalisiamu inaingia ndani, na pampu za seli zinaanza kufanya kazi kupita kiasi kurudisha mambo mahali pake. Pampu hizo hula nishati nyingi, na ni katika siku hizo hizo damu inayoletwa ubongoni hupungua. Seli inadaiwa na haina cha kulipa. Picha ya kichwa mara nyingi haionyeshi chochote, kwa sababu hakuna kilichovunjika cha kuonekana.

Sasa fikiria ni kazi ipi itakayoumia kwanza katika hali kama hiyo. Kushtuka hakutaumia, kwa kuwa njia yake ni fupi na haina mazungumzo. Kudaka mpini mmoja, kidogo tu: jibu limeshaandaliwa, linangoja ruhusa. Lakini kuchagua kati ya viwili huku ukizuia kimoja huhitaji kisogo, pande za kichwa, paji na vifundo vya chini viulizane kupitia zile nyuzi ndefu. Kila kituo kikichelewa kidogo, jumla yake ni ngumi puani.

Kuna jambo watu wa ndondi hulichanganya, na Afande hakuwa peke yake. Wengi wanaopata mtikisiko wa ubongo hawazimii. Sheria za ndondi za ridhaa zimewalinda kwa muda mrefu wale waliozimishwa ulingoni kwa ngumi ya kichwa, kwa kuwapumzisha siku 30 au zaidi. Kijana huyu hakuzimia, hakukuwa na refa, hakukuwa na daktari, ilikuwa Jumatano ya mazoezi. Hakuna sheria iliyomgusa. Mapambano ya mazoezi ndiyo mengi kuliko ya ukumbini, na ndiyo yasiyo na jicho la mtu.

Jioni ile hakumwambia Afande. Nilimwambia mimi, kijana akiwa amesimama hapo hapo, na kwa siku kadhaa hakunisalimia.

Wiki tano

Tulimpeleka kwa daktari Jumatatu. Aliangalia kwanza dalili za hatari, zile ambazo zikionekana hupaswi kungoja mpaka kesho: kutapika tena na tena, maumivu ya kichwa yanayozidi, mboni moja kubwa kuliko nyingine, degedege, udhaifu wa upande mmoja, usingizi ambao mtu haamshiki. Hakuwa na hata moja, na kwa jeraha la wiki tatu hilo lilikuwa la kutia moyo. Daktari hakuomba picha. Aliagiza siku mbili za utulivu, kisha matembezi, kisha mbio nyepesi, kisha kamba, kila hatua ikifuata ile ya kabla bila dalili kurudi, na hakuna ngumi ya kichwa mpaka atakaporuhusu yeye. Kulala gizani wiki nzima hakushauriwi tena siku hizi. Mwendo mdogo mapema husaidia. Alichokataza kabisa ni pigo la pili juu ya la kwanza. Kwa vijana pigo la namna hiyo, likija kabla la kwanza halijapona, limewahi kuvimbisha ubongo na kuua, mara chache, lakini kwa haraka ya kutisha.

Pambano likampita. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya ukumbi akamtazama mwenzake akipigana katika uzito wake, na mwenzake akashindwa kwa pointi. Sitasema hilo lilimfariji.

Wiki ya tano maumivu yalikuwa yameisha na chenji za mama zilikuwa sawa. Nikarudi na mipini. La kwanza, sentimita 18, na zote zikiwa karibu karibu. La pili, 39. La tatu, alikosea mara moja tu kati ya 10. Nafahamu kwamba mtu akirudia jaribio hulizoea, na kwamba sikuwa na namba zake za kabla ya kupigwa, ambazo ndizo zingekuwa kipimo cha haki. Ndiyo maana daktari ndiye aliyetoa ruhusa, mipini ikawa shahidi tu. Ila siku ile alipopanda ulingoni kwa mazoezi mepesi, mwenzake alitikisa bega la uongo, na kijana hakusogea hata unyusi.

Afande hakuwahi kusema kwamba alikosea, wala sikumngojea. Alichofanya ni kununua daftari la kurasa 96, akapiga mistari kwa rula, akaagiza vijana wote wapimwe mwanzo wa msimu, safu tatu kwa kila jina. Mmoja akilalamika kwamba hii ni kazi ya shule, anazungushwa uwanja.

Siku tulipokuwa tukimalizia majina, ukumbi umebaki na watu wachache, Afande alivua saa akanyoosha mikono yake miwili mbele yangu. Alipigana miaka 14 kabla ya kuwa kocha. Mpini mmoja aliudaka vizuri kuliko nilivyotarajia. Kwenye miwili, wa kushoto ulianguka sakafuni, nikauokota, nikauachia tena baadaye, ukaanguka tena. Umri peke yake hupunguza kasi, na mtu wa miaka 60 na kitu hapimwi kwa namba za vijana wa miaka 19, kwa hiyo siwezi kusema mpini ule ulinionyesha nini. Nilimwambia hivyo hivyo.

Aliuokota mwenyewe mara ya tatu. "Andika," akasema, akaniwekea kidole kwenye mstari wa mwisho wa daftari, chini ya majina ya vijana.